Bibi Mskoti na Neno "Kwao"

Wiki iliyopita habari zilitufikia kupitia kundi letu la simu, lile la Waswahili wa mtaa wa Oud Metha hapa Dubai, kwamba bibi yetu Mskoti amefariki dunia huko Uskoti. Sijamaliza hata kusoma, rambirambi zikaanza kumiminika, na nusu yazo zilisema jambo lilelile: tushukuru Mungu, angalau amefia kwao. Wasomaji wangu mnanijua, sipendi kugombana na watu msibani. Lakini neno hilo limenikwama kooni, na leo nalitema.

Bibi huyu aliolewa akiwa msichana na fundi wa injini za meli, mtu wa Unguja, aliyekutana naye Glasgow. Akamfuata Unguja, akasilimu, akazaa, kisha akamfuata tena Dubai mumewe alipopata kazi kwenye karakana za Al Jaddaf, enzi ambazo mji huu ulikuwa na mchanga mwingi kuliko lami. Hapa ndipo alipozeekea. Kiswahili chake kilikuwa Kiunguja kitupu, na akikasirika hakuwa na lugha nyingine. Uji alitia chumvi badala ya sukari, na kati ya mambo ya utotoni hilo tu ndilo alilokataa kuliacha. Mumewe alipofariki akazikwa hapahapa, na bibi akabaki kwa udhamini wa mwanawe. Kibali cha mzazi kuishi hapa hutolewa mwaka kwa mwaka. Tangu hapo dua yake ilikuwa moja, afie hapa, azikwe makaburini alikozikwa mumewe.

Ndipo akaanzisha sikukuu yake. Siku ya kuzaliwa hakuijali, alisherehekea kibali. Kila kilipoongezwa alipika pilau akaita jengo zima: dada wa kazi wa Kitanzania waliopewa ruhusa na madam zao, madereva, na mlinzi wetu Mkenya, kijana wa Nakuru, ambaye mara ya kwanza alisimama mlangoni akishangaa.

"Shosho, kwani leo ni birthday yako?"

"Birthday ya nini, mwanangu? Kuzaliwa nshazaliwa zamani. Leo wameniambia nikae mwaka mwengine. Ingia ule."

Tulicheka sana, tukadhani ni utani wa uzeeni. Sasa naona kwamba katika sebule ile yeye peke yake ndiye aliyejua anaishi mji wa namna gani. Sisi wengine tulikuwa tunanunua makochi.

Bei ya mafuta ilipoanguka, kampuni ya mwanawe ikapunguza watu, naye akawamo. Kibali chake kikafutwa, na cha mama kikaenda nacho. Kazi aliyopata baadaye ilikuwa ya kambini, jangwani Omani, kusikoruhusiwa mzazi. Mjukuu wake wa kike, aliyeolewa hapa, alikwenda kuomba amdhamini yeye. Kijana wa dirishani pale uhamiaji, mpole kabisa, akamwambia, "Bibi si mzazi, dada. Khalas, imekwisha." Ikabaki pasi yake ya Uingereza, na mpwa mmoja huko Uskoti ambaye hakuwahi kuonana naye.

Siku ya kuondoka tulijaa chini ya jengo. Jirani mmoja, kwa nia njema nadhani, akampongeza: "Hongera bibi, unakwenda kupumzika kwenu. Hewa safi, majani!" Bibi akamtazama, akajifunga ushungi upya.

"Kwetu? Nikishuka huko sijui nishike kulia au kushoto. Wote walionijua washakufa. Mnanipeleka ugenini, halafu mnanipongeza."

Mlinzi alibeba begi lake hadi kwenye gari akaliweka polepole, kisha akageuza uso ukutani.

Nina hasira, sifichi. Mji huu una nafasi ya kila kitu: minara, maduka, bustani zinazonyweshwa jangwani. Nafasi ya mtu kuzeeka ndiyo haimo. Anatakiwa mwenye mgongo wa kubeba na macho ya kukesha. Mgongo ukipinda, anaambiwa arudi alikotoka, hata kama huko alikotoka kulishakwisha. Na msidhani nawalaumu wenye mji peke yao. Sisi wenyewe tunalibariki jambo hili kila tunaposema kwa ulaini "amerudi kwao," kwa sababu neno hilo linatupunguzia uchungu, nasi tunalala vizuri.

Juzi nilikwenda kumpa pole yule mjukuu. Akanisimulia kwamba mpwa alimweka bibi katika nyumba ya kutunzia wazee, na miezi ya mwisho wauguzi walitoa taarifa kuwa amepoteza kauli, anabwabwaja mchana kutwa, haeleweki, na akishikwa anafoka. Akaandikiwa dawa ya kumtuliza. Siku moja mjukuu akaomba simu iwekwe sikioni mwa bibi, akamsikiliza. Bibi hakuwa anabwabwaja. Alikuwa anasema Kiswahili, kilichonyooka, na alichokuwa akisema ni, "Nina kiu, nipeni maji."

Basi mnaotuma rambirambi, hili ndilo ninalowaomba. Kabla hamjamshukuru Mungu kwamba mtu amepelekwa kwao, ulizeni kwanza kama huko kuna yeyote atakayemwelewa akiomba maji.