Zaka Hakuwa Mzembe, Alikuwa Bado Chini ya Ndege

Mpaka leo nashika simu nimpigie Zaka nimwambie kwamba Zaka amekufa. Akili yangu imevurugika kiasi hicho, jamani.

Tumemzika jana nyumbani kwao, nje kidogo ya Makambako, kwenye baridi ile ya kuuma masikio. Nimerudi na hasira kuliko machozi, kwa hiyo mnivumilie.

Kwa msiomjua: Zakaria alikuwa muongoza ndege zikiwa chini. Yeye ndiye alikuwa anasimama mbele ya pua ya ndege na kumwambia rubani washa injini, au subiri. Mimi napakia mizigo kwenye ndege hizo hizo. Shift moja, chai moja, na kila asubuhi ugomvi ule ule wa nani kamaliza sukari.

Kila mtu yeye alimsalimia "Kamwene!", salamu ya kwetu. Mkurugenzi, kamwene. Rubani mgeni aliyekuja juzi, kamwene. Baada ya wiki mgeni anaitikia vizuri kuliko mimi niliyezaliwa Njombe mjini.

Halafu vizuizi vyake sasa! Vile vinavyowekwa kwenye magurudumu ili ndege isitembee. Zaka lazima avitoe, avibebe hadi mbele, avinyanyue juu kapteni avione, kisha asubiri kapteni ampungie mkono. Hajapungiwa? Injini haiwaki. Hata mvua inyeshe.

"Zaka, kashaona bwana, twende!"

"Kaona, au unadhani kaona?"

Alikuwa ananiudhi huyo kaka, acheni tu.

Krismasi moja nilipita kwao. Fuso la viazi la mjomba wake limeegeshwa mlimani, mawe nyuma ya magurudumu. Mjomba kawasha gari, Zaka kayatoa mawe, kaja nayo mbele, kayanyanyua juu, kasimama. Mjomba anapiga honi. Zaka hatikisiki!

Mama yake alicheka pale mlangoni mpaka akakaa chini. "Kaka, mpungie tu mkono. Huyo hatoki hapo."

Mtu huyo ndiye nyie wa kampuni mnamwita mzembe?

Haya, sikilizeni ilivyokuwa. Waya wa headset, ile anayovaa masikioni kuongea na rubani, ulikuwa umekatika muda mrefu. Zaka alisema. Akasema tena. Akajibiwa, "Tumieni mikono kwanza." Hiyo "kwanza" haikuisha mpaka amekufa.

Siku ile ndege imechelewa. Abiria wamenuna, simu za ofisini hazikatiki. Zaka kainama huko nyuma kwenye magurudumu makubwa, anatoa vizuizi.

Msimamizi wetu akatoka ofisini na haraka zake. Akaenda moja kwa moja kusimama mbele ya pua ya ndege, pale pale pa Zaka, akamwinulia rubani dole gumba.

Rubani angejuaje? Kaona mtu mwenye fulana ya rifleta kasimama mahali pa Zaka, kapewa ishara, akawasha.

Nilipiga kelele. Nani anasikia kelele uwanja wa ndege, wote tumeziba masikio! Zaka akatokea chini ya bawa, vizuizi mkononi, anakuja mbele kumwonyesha kapteni kama siku zote. Pangaboi la injini likishashika kasi halionekani. Yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha hilo.

Siandiki zaidi ya hapo.

Sasa jana msibani akasimama mjumbe wa kampuni, suti nyeusi, sauti ya upole. "Marehemu aliingia eneo la hatari bila kuwasiliana."

Bila kuwasiliana! Awasiliane kwa kutumia nini, filimbi? Hivi mna aibu kweli nyie? Mnamsema mtu yuko kwenye jeneza, halafu mnakula viazi vya mama yake na kuondoka!

Nilienda jikoni nisije nikamrukia mtu. Mama Zaka akanifuata. Wanawake waliokuwa wanamenya viazi wakaweka visu chini.

"Mwanangu, wewe ulikuwepo. Zakaria alikosea?"

"Hapana, mama. Kuna mtu alisimama mahali pake, akatoa ruhusa Zaka akiwa bado chini ya ndege."

Akakaza khanga kiunoni. "Basi waambie watu. Mimi sina pa kusemea."

Ndiyo nawaambia. Kampuni siitaji, uwanja siutaji, wenyewe wanajijua.

Rubani anatakiwa kumsikiliza mtu mmoja tu wa chini. Huyo mmoja akiwa hajatoka chini ya ndege, hakuna bosi wala delay ya kufanya injini iwashwe. Tengenezeni hizo headset. Halafu mpande gari, mrudi Makambako, mkayafute maneno yenu mbele ya mama yule yule, na majirani wale wale wakisikia.

Kaburi lilipokwisha kufunikwa, sisi wa shift yake tulijipanga na rifleta zetu. Sijui nini kilinipata. Niliokota mawe mawili pale pembeni, nikayanyanyua juu kwa mikono yote miwili, nikasimama.

Mchungaji akakatiza maneno. Shangazi mmoja akanivuta sketi, "Dada, shusha mikono." Sikushusha. Mabega yanauma, machozi yanashuka, sioni vizuri.

Mama Zaka alikuwa kwenye kiti, kajifunika blanketi. Akaniangalia, akayaangalia yale mawe. Kisha akatoa mkono nje ya blanketi, akaunyoosha juu, akapunga.

Hapo ndipo nilipoyashusha.

Umepungiwa, Zaka. Mama kakuona, sisi sote tumekuona. Nenda sasa, kaka yangu, ulale, huko hakuna wa kukuharakisha.

Kamwene.