Povu Ndani ya Kichupa

Hebu mwone Kavata akija asubuhi kwenye barabara ya Mumbuni, boksi jeupe amelikumbatia kifuani, moshi mwembamba wa barafu kavu ukimpanda kidevuni. Akina mama wa vibanda vya mboga wanamfahamu. Ni binti wa Mzee Wathome wa Katelembo, fundi wa maabara, mwepesi wa kucheka.

"Kavata, umebeba samaki na unatupita hivyo?" Katunge, mmoja wao, anamwita.

"Samaki gani, mama! Nimebeba mlango wa figo."

"Figo ya nani sasa?"

"Ya mtu. Lakini hakuna mtu amekatwa, usiogope."

Na ni kweli. Ndani ya boksi mlikuwa na kichupa kidogo, na ndani ya kichupa matone machache ya protini. Mwilini mwako na mwangu, protini hiyo hukaa kwenye utando wa seli za figo. Kazi yake ni kuidaka asidi ya yuriki iliyokuwa ikienda zake kwenye mkojo na kuirudisha kwenye damu; dawa ikiushika mlango huo, asidi huenda zake na mkojo. Asidi hiyo ikizidi hujikusanya kwenye viungo, na kidole gumba cha mguu kikawaka moto. Hii ya Kavata ilitengenezwa ng'ambo, na seli zilizopandikizwa maagizo ya jeni za binadamu, kwa ajili ya utafiti tu.

Sasa, mwenye kidole kinachowaka ni Mzee Wathome. Msimu mzima wa kupalilia alikaa kitini akiwatazama wenzake shambani. Tembe za hospitali ziko kabatini, hazijaguswa. Yeye hunywa majani yake ya kuchemsha, machungu kama nini, ya kutoka kando ya mto. Walibishana na bintiye mpaka wakachoka. Mwishowe mzee akasema, "Mwaitu," maana Kavata amepewa jina la mama yake mzee, na ndivyo anavyomwita, mama yangu, "si wewe uko na mashine? Pima majani yangu. Ukipata hayashiki huo mlango wenu, nitameza hizo tembe bila kelele."

Kavata alijua kuushika mlango si kuponya. Lakini kwa baba yule, ahadi hiyo ilikuwa kubwa. Mkuu wa maabara, Musyoka, ambaye tayari alikuwa akichunguza mimea, akakubali kuyaongeza majani ya mzee. Kichupa kilikuja kimoja tu.

Kavata alikiweka kwenye barafu kiyeyuke polepole, kama inavyotakiwa. Hapo hakukosea. Kisha mkono ukafanya ulichofunzwa nyumbani. Mama yake alikuwa akiuza maziwa lala ya kibuyu, na katika nyumba ile hakuna kinachomiminwa kabla ya kutikiswa. Kavata hutikisa dawa ya kikohozi, hutikisa hata soda ya wageni. Akakishika kichupa, akakitikisa kwa nguvu.

Povu likajaa.

"Kavata! Umefanya nini?" Musyoka akamaka.

"Nimetikisa, bosi."

"Umetikisa! Hiyo ni maziwa ya mama yako?"

"Mkono umeenda wenyewe."

Protini ya namna hii imezoea kuzungukwa na mafuta ya utando. Ikitolewa humo huvishwa kitu kama sabuni ili isigandamane. Ukiitikisa, sabuni inatoa povu, na protini inayonaswa kwenye mapovu hupoteza umbo lake. Mlango uliopinda haushiki kitu. Kavata hakucheka. Alimwona babake kitini, msimu mwingine tena.

"Rudisha kwa barafu," Musyoka akasema, sauti imeshuka. "Usiiguse. Iache ipumzike."

Povu likatulia taratibu. Wakakizungusha kichupa kwenye mashine, iliyoharibika ikazama chini kama unga, wakachukua maji safi ya juu. Kwanza wakaijaribu na dawa inayojulikana kuishika protini hiyo. Dawa ikikosa kushika, basi, mambo yameisha. Mstari wa kipimo kwenye skrini ukakaa, ukakaa, kisha ukapanda. Haukufika walikotarajia, lakini ulipanda.

"Iko hai!" Musyoka akapiga meza. "Imepungua, lakini iko hai!"

Iliyobaki ilitosha kuyapima majani mara moja tu. Na pale maabara, jibu lililokuja mara moja halijawa jibu, sembuse kutoka kwa protini iliyojeruhiwa. Kichupa kingine kingechukua muda mrefu kufika.

Simu ikalia.

"Mwaitu, umepima?"

"Bado, Baba. Nimeiharibu kidogo. Niliitikisa kama maziwa ya Mama."

Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Ata ukiwa profesa, wewe ni wa nyumba hii tu! Sasa sikiza. Jibu lolote nitakubali, lakini nalitaka leo. Hiyo ingine ikifika mvua itakuwa imekuja, na mimi nataka kupanda na miguu yangu."

Kwa mara ya kwanza babake alikuwa tayari kusikia. Kavata akakitazama kichupa, maji yake yametulia, safi, yasiyo na povu hata kidogo. Wewe ungeyapima majani siku hiyohiyo, au ungemwomba mzee angoje?