Ufunguo Shingoni

Shemeji yangu, mume wa dada, tulimwita Popo kwa sababu hakuwa mtu wa kulala, na jina hilo alilipenda kuliko lake. Usiku alilinda ghala, asubuhi akaja kukanda unga nami kwenye kiwanda kidogo cha mikate. "Kulala ni kazi ya wazee, shem," aliniambia, macho mekundu kama pilipili. Alipoanza kutia chumvi mara mbili kwenye unga uleule, tulimcheka. Wajinga sisi.

Mashine yetu ya kukandia inawashwa kwa ufunguo, na sheria ya pale ni moja: anayeingiza mkono kuisafisha, ufunguo unakaa shingoni mwake. Asubuhi ile nilimwomba Popo auchomoe. Akanivisha mwenyewe, maana mikono yangu ilikuwa na mafuta. Sikuangalia. Nikazamisha mkono wa kulia hadi begani, kati ya chuma na bakuli, nikaanza kukwangua.

Nilipoinama zaidi, ufunguo ukanigonga kidevuni. Mrefu, una kutu. Wetu ni mfupi, una uzi mwekundu. Huu ulikuwa wa geti la ghala.

Nikainua macho. Popo alikuwa amesimama kwenye swichi, ufunguo wetu uko palepale, na vidole vyake juu yake. Macho wazi, mwenyewe hayumo. Kupiga kelele sikuthubutu, angeshtuka akauzungusha. Na kutoa mkono mle ni polepole, kiwiko kwanza.

"Shem," nikasema, kwa sauti ya kubembeleza mtoto. "Usiguse kitu. Ningoje."

Hata kope haikutikisika. Kiwiko kikatoka. Kiganja kikakwama. Nikaona vidole vyake vinakaza, nikavuta kwa nguvu zote, ngozi ikabaki humo, na mashine ikanguruma.

Kelele hiyo ndiyo iliyomwamsha. "Umeshamaliza?" akauliza.

Nilizima mashine nikamwonyesha ule wa geti. Aliuangalia, akakaa sakafuni. "Shem, mimi nakumbuka nilikuwa naosha ndoo."

Ndoo zilikuwa hazijaguswa. Matusi niliyokuwa nimemwandalia yalinikaukia mdomoni. Nikamlaza juu ya magunia, nikavaa funguo zote mbili, nikakanda kwa mkono mmoja.

Aliamka jioni. Aliushika mkono wangu uliofungwa kitambaa, akavihesabu vidole, kimoja kimoja, kisha akaanza upya.