Nyuma ya Kitambaa cha Bluu

Najua mtasema moshi wa jenereta ulinilevya. Semeni. Nilikuwa mpiga picha hapa mjini Baraka, pombe sinywi, na jambo hili nililiona mchana kweupe, mlango wa studio ukiwa wazi.

Miaka ile vita ilikuwa ikipanda na kushuka milima ya Fizi. Kila mtu alitaka picha, ila hakuna aliyetaka ionyeshe mahali alipo. Nilikuwa nikiwaketisha mbele ya kitambaa cha bluu, kisha kwenye kompyuta nafuta bluu yote na kuweka nyuma yao bustani, ndege, au nyumba ya ghorofa. Mtu aliyelala chini ya hema anatoka kwangu bosi mzima! Niliipenda kazi ile.

Siku hiyo akaingia mwanamume wa makamo, miguu imejaa udongo mbichi, shati lake bluu ileile ya kitambaa changu. Kwa fundi hilo ni balaa, maana kompyuta haijui kitambaa ni kipi na shati ni lipi. Nikamwonyesha koti la studio lililotundikwa msumarini.

"Baba, vaa hii. Bulu itakula shati yako."

"Hapana. Piga tu ivi."

"Na nyuma niweke nini? Ziwa?"

"Usiweke kitu. We toa tu iyo bulu. Bibi yangu, Mama Furaha, atakuja kuangalia."

Mkewe huyo nilimjua, alikuwa akiuza ndagala, dagaa wa ziwani, mbele ya studio yangu. Alikimbia vita kutoka kijijini Kilembwe na watoto, mumewe akabaki nyuma, na tangu hapo hakuna habari. Wakwe walimkataza kulia. Kwao, kumlilia mtu ambaye maiti yake haijaonekana ni kumuua kwa mdomo. Basi mama wa watu akabaki hivyo, si mke, si mjane, hali chakula, halali usingizi.

Nilifurahi jamani! Nikampiga picha yule bwana haraka haraka, nikatoka mlangoni nikaita, "Mama Furaha! Bwana yako iko ku studio!" Alikuja mbio, ndagala zikamwagika. Tulipoingia, kiti kilikuwa kitupu. Mlango ni mmoja tu, na pale mlangoni tulisimama sisi. Niambieni, alipita wapi?

Nikamfungulia picha kwenye kompyuta. "Ni yeye," akasema. Nikabofya bluu, nikaifuta.

Ukifuta hivyo, kompyuta huonyesha vimiraba vya kijivu na vyeupe, kuashiria hapo hakuna kitu. Haki ya Mungu, vimiraba sikuviona. Niliona shamba la mihogo, kijito, na jiwe kubwa lililopasuka katikati. Shati nalo lilikuwa limefutika, na pale penye kifua palikuwa pameota majani. Sikuyaweka mimi! Nilipiga yowe mpaka watu wakasimama barabarani.

Mama Furaha hakupiga yowe. Aligusa kioo cha kompyuta kwa kidole. "Iyi ni shamba yetu," akasema, kidole kikashuka hadi kwenye kijito. "Apa njo tunalowekaka mihogo."

Vita ilipotulia alikwenda huko na shemeji zake. Walimkuta mumewe kando ya jiwe lile, bado amevaa shati la bluu, majani yametokeza katikati ya vifungo. Wakamzika. Ndipo wakamruhusu alie, naye akalia mpaka sauti ikakatika.

Aliporudi, kichwa kimenyolewa, aliniomba picha ile akaiweke nyumbani. Nikaifungua. Kitambaa na kiti tu, mtu hayumo. Nilitaka kuifunga asiione.

"Iache," akasema. "Nitolee iyo iyo. Sasa alishafika."

Nikamchapia. Ameitundika ukutani, na watoto wake huisalimia kila asubuhi.

Kazi ile niliiacha, siku hizi nachaji simu za watu. Lakini wewe unayeendelea nayo, nisikilize. Mteja akikwambia usimwekee kitu nyuma, usimbishie, na usitoke mlangoni ukamwacha peke yake. Mshike mkono kwanza, umuulize amelala wapi.