Maombi kwa Ajili ya Mwuza Vitambaa

Miaka ya hamsini ikielekea ukingoni, mume wangu alikuwa mpishi wa Wazungu huko Spring Valley, nasi tuliishi katika chumba kimoja nyuma ya jiko lao. Nilikuwa na elimu ya darasa la sita, mtoto mchanga, na ugonjwa wa kupenda hadithi. Ugonjwa huo sijapona mpaka leo, wala sitafuti dawa.

Niliambukizwa mjini. Jumamosi alasiri, mume wangu akipata ruhusa, tulitembea mpaka Westlands tukapanda basi, tukaingia uchochoro mmoja nyuma ya maduka ya Wahindi. Hapo palikuwa na duka jembamba, ukinyoosha mikono unagusa rafu za pande zote mbili. Mbele mzee mwenye duka aliuza wino na madaftari. Nyuma aliweka vitabu vikuukuu, na ukirudisha kimoja ulichosoma alikupa kingine. Vilivyong'oka majalada alivishona upya mwenyewe kwa vitambaa vyeusi vilivyobaki kwa nduguye fundi cherehani. Ungedhani umeingia chumbani kwa padri. Ukimwuliza hadithi inaishaje, alitikisa kichwa: "Mwisho mimi hapana sema. Soma wewe."

Nilikaa juu ya kasha la wino, mtoto mgongoni, nikifunua hiki na kile huku nikinusa gundi. Nasema bila haya kwamba hapakuwa na mahali Nairobi nilipokuwa na furaha kuliko pale.

Basi mama mkwe akaja kutoka kwetu magharibi. Alikuja kumwona mjukuu, na nilijua alikuja kunichukua pia. Kwao mjini ni kwa wanaume wanaotafuta riziki; mke hukaa shambani. Na alikuwa ameshasikia kwamba mimi nashinda nimekodolea macho makaratasi huku mahindi yake yakisongwa na magugu. Mume wangu, aliyeweza kumkemea kuku akanyamaza, mbele ya mamake alinywea kabisa. Nilimpenda, lakini siku hizo ningeweza kumpiga na mwiko.

Kwa desturi yetu mama hawezi kulala nyumba moja na mwanawe aliyeoa, hivyo alilazwa kwa yaya wa nyumba jirani. Asubuhi ya kwanza alinikuta nanyonyesha, kitabu cheusi mkononi. Nikangoja radi. Badala yake alijifunga kitambaa kichwani, akaketi, akamwamuru yaya aliyekuja naye aache kugonga sufuria.

"Soma, mwanangu," akasema. "Nami nisikie Neno."

Mwanamke wa kwetu akishika kitabu, ni Biblia au ni cha nyimbo. Kitabu cha tatu hakikuwepo. Ningemwambia ukweli pale pale. Lakini nilikiona kile chumba chetu, nikaliona na jembe linaloningoja shambani. Nikamsomea, nikifasiri kwa lugha yetu, habari za mwuza vitambaa aliyetupwa na wenzake katika kisima kikavu ili wamnyang'anye mali. Nilipofunga, mama mkwe alisema, "Amina."

Maji nilikuwa nimeshayavulia nguo, ikabidi niyaoge. Kila siku vyombo vikishaoshwa nilimsomea kipande, naye kila siku akaitikia Amina. Aliguna, alisonya, alimlaani mmoja wa wale waliomtupa mtu kisimani kwa jina la babake. Sijawahi kupata msikilizaji kama yule. Nikasahau hata kuogopa.

Jumapili alasiri watu wa kwetu walikusanyika nyuma ya vyumba vya watumishi kwa maombi. Aliyetuongoza alikuwa mtunza bustani siku za kazi. Akauliza kama kuna mwenye haja. Mama mkwe akasimama.

"Tumwombee yule ndugu mwuza vitambaa," akasema. "Ako kisimani siku ya nne, bila maji."

"Ni Yusufu, mama?" kiongozi akauliza kwa upole.

"Yusufu namjua tangu nibatizwe! Huyu ni mwingine. Muulizeni mke wa mwanangu, anamsoma kila siku."

Macho yote yakanigeukia. Nikasema, kwa sauti ndogo, kwamba ni hadithi tu, kuna mtu aliitunga. Watu walicheka mpaka kiongozi akafuta machozi kwa mkono wa shati. Mama mkwe alikaa chini, akafungua kitambaa chake, akakifunga tena. Hakuniangalia.

Kesho yake aliniambia maneno machache tu. "Jumatano tunasafiri. Funga mizigo."

Nilifunga huku nalia juu ya nepi. Nililia kwa ajili yangu, lakini zaidi kwa kuwa nilimwaibisha mtu mzima aliyenisikiliza vizuri vile. Sura ya mwisho ya kitabu sikuigusa. Kuisoma peke yangu niliona ni kula kwa siri.

Jumatano, kabla ya kwenda stendi ya mabasi, tulipitia dukani nirudishe kitabu. Mume wangu alibaki mlangoni na sanduku langu begani. Mama mkwe akaingia, akapitisha kidole kwenye migongo ile myeusi ya vitabu, polepole, rafu nzima.

"Hizi zote ni za kutunga?"

"Zote, mama."

Nikamnyooshea mwenye duka kitabu. Mama mkwe akanishika mkono.

"Ngoja. Alitoka?"

"Nani, mama?"

"Usinichezee. Wa kisimani."

Nikasema sijui, sijasoma bila yeye. Akamgeukia mzee, mzee akatikisa kichwa kama kawaida yake, kisha akalipangusa lile kasha la wino na kumsogezea. Akaketi. Safari hii hakujifunga kitambaa.

Nikasoma. Mke wa mwuza vitambaa alipofika kisimani na kumwambia mumewe achane nguo zake, azisokote kamba, amrushie ncha, mama mkwe alicheka na kupiga makofi mpaka wateja wakachungulia. Nilipofunga kitabu hakusema Amina. Alimtazama mwanawe pale mlangoni.

"Shusha hilo sanduku. Kwetu duka kama hili liko wapi? Mkeo atakuja wakati wa kuvuna, na aje na kingine cheusi."

Kisha akanigeukia, akijifunga kitambaa chake cha safari.

"Na Jumapili uwaambie wale waliocheka, kwamba ametoka."