Mguu Mzima wa Bibi Pindo

Bibi Pindo ni jirani yangu, mlango kwa mlango. Jina hilo alipewa na watoto wa mtaani kwa sababu kazi yake ni kupunguza suruali na kupandisha mapindo ya sketi za shule. Nguo nzima hashoni siku hizi, anasema macho yamegoma. Mumewe alishatangulia. Wanawe wako mbali; wanapiga simu, wanauliza hali, na kabla hajajibu vizuri wanasema haya mama, baadaye.

Alivunjika paja uani akifua, aliteleza kwenye povu la sabuni. Plasta ilipotolewa mguu ulikuwa umenywea, ngozi inaning'inia kama soksi ya mtu mwingine. Hospitali wakamwomba aingie kwenye utafiti wao: walitaka kujua mazoezi gani yanarudisha upesi nguvu ya misuli kwa watu wa umri wake. Mimi ndiye nilikuwa nampeleka, mwanangu mgongoni.

Chumba cha mazoezi kinanuka mpira na dawa ya sakafu. Kuna kiti kimoja kirefu kama cha kinyozi, kina mkanda wa kufungia kifundo cha mguu. Unasukuma, namba zinapanda kwenye kioo. Mtaalamu wa viungo, dada mnene mwenye sauti kubwa, tulimwita Dada Sukuma.

"Sukuma, mama! Sukuma, usilegee!"

Nilicheka hadi mtoto akaamka.

"Wewe unacheka nini?"

"Dada, nimejiona niko leba tena."

"Nizae nani mie?" Bibi Pindo akadakia pale kitini. "Hawa niliowazaa tu siwaoni."

Tukacheka wote. Yeye aliacha kucheka kabla yetu.

Sharti waliliweka wazi tangu mwanzo. Mguu uliovunjika wanaupima, na mzima wanaupima. Siku nguvu zikilingana, umemaliza, unampisha mgonjwa mwingine.

Baada ya kupimwa alikuwa anakandwa. Dada Sukuma husugua viganja kwanza vipate joto, kisha anapokea kile kisigino kama mtu anayepokea yai. Bibi Pindo anafumba macho. Mimi nina mtoto ananing'ang'ania mchana kutwa, hata chooni ananifuata, nikawaza: huyu mama, nani humgusa? Siku za kliniki alikuwa ameshavaa na kujipaka mafuta kabla mimi sijamwogesha mtoto.

Mguu ukaanza kujaa. Nikasikia cherehani inalia tena ukutani kwangu. Nikafurahi, ila yeye sikuona akifurahi.

"Mwanangu," akaniambia njiani, "nikipona watanitoa."

"Si ndicho tulichokuwa tunatafuta, bibi?"

"Ndicho." Tukatembea kidogo. "Leo sisukumi sana."

"Utawadanganya?"

"Nitachoka tu. Mzee hachoki?"

Tulipofika, akafungwa mkanda kwenye mguu uliovunjika. Alikunja uso, akaguna kama anabeba jiwe, lakini vidole vya mguu vilikuwa vimelala, havina habari. Namba zikaishia chini. Wakahamisha mkanda kwenye mguu mzima. Hapo ndipo alipokosea. Alishaamua kuwa mgonjwa, akawa mgonjwa kote kote: na ule mzima nao akaulegeza.

Dada Sukuma alitazama kioo, akatazama tena, akapiga makofi.

"Mama! Imelingana! Mguu huu na huu, mapacha!"

"Lakini sina nguvu," Bibi Pindo akasema. "Huoni namba zilivyo ndogo?"

"Ni joto la leo, kila mtu hoi. Sisi tunaangalia mguu na mwenzake. Hongera, umemaliza!"

Akamkumbatia. Alipomwachia, mikono ya Bibi Pindo ilikuwa bado imemzunguka, ikabidi asubiri kidogo. Nilifungua mdomo kusema. Bibi akanitikisia kichwa.

"Ungewaomba wapime tena," nilimwambia tukirudi.

"Niwaambie nini? Kwamba jamani naomba nisipone?" Akacheka peke yake. "Njia ya mwongo fupi. Yangu hata na mguu huu haikunichosha."

Siku ambayo ingekuwa ya kliniki nilitoka na beseni la nguo nikamkuta mlangoni kwake kwenye kiti, kavaa viatu vya kutokea, mkoba mapajani. Sikumuuliza. Nikaanika nguo taratibu, kila nikigeuka yuko vilevile, anatazama barabara. Nikaweka beseni chini.

"Bibi, lete huo mguu. Mimi nitakuwa Dada Sukuma."

"Wewe mkono wako mwepesi."

"Lete."

Nikamkalisha mtoto kwenye mkeka, nikapiga magoti, nikakaza viganja vyote viwili kwenye muundi wa mguu uliovunjika.

"Bonyeza," akasema. "Zaidi. Usinionee huruma."

Nikabonyeza kwa nguvu zangu zote. Naye akasukuma. Nilirushwa nyuma nikakaa kwenye beseni la nguo mbichi, mtoto akaangua kicheko, nami nikacheka huku gauni limelowa chapa.

"Bibi! Kumbe umepona kweli kweli!"

Mguu ulikuwa bado umenyooka hewani, hautetemeki hata kidogo. Akautazama.

"Nimepona," akasema polepole, kama mtu aliyeletewa habari ya msiba.

Kisha akauteremsha, akainama, akaanza kuvua viatu.