Kodi Niliyoilipa kwa Kunyonya

Kazi yangu ya kwanza duniani ilikuwa kunyonya, na kwa kazi hiyo niliwalipia watu wawili kodi ya nyumba kwa zaidi ya mwaka mzima. Watu hao ni mama yangu, Siwema, na mimi mwenyewe. Sijapata tena kazi yenye malipo mazuri namna ile.

Baba yangu, Muhidini, alimwacha mama mwezi wa Februari 1955. Talaka moja, kwa barua, ingawa walikuwa wakiishi nyumba moja pale Iringa mjini. Mimi nilikuwa na miezi minne. Baba alikuwa mfanyabiashara wa mchele, na mambo yake yote aliyapigia hesabu. Eda ni miezi mitatu, na katika eda mume hutoa chakula na makazi. Mwezi wa nne mtalaka anaondoka, mke mpya anaingia. Mke mpya alikuwapo tayari, Waridi wa Mbeya, naye alikwisha sema hakanyagi nyumba yenye mtalaka ndani yake. Baba akahamia Mbeya, akapanga chumba huko kwa muda wa miezi mitatu.

Mwezi wa Mei alishuka kwenye lori, akamwambia mama afungashe.

"Eda haijaisha," mama akasema.

"Miezi mitatu imetimia."

"Wanaohesabu miezi ni vikongwe waliokwisha koma. Mimi nahesabu hedhi tatu, na sijaona hata moja."

Wakaenda kwa Shehe Selemani, aliyesomesha watoto Qur'ani chuoni. Shehe akauliza swali moja tu: mtoto ananyonya? Ananyonya. Basi, akasema, mama anayenyonyesha huenda asipate siku zake mpaka aachishe mtoto. Eda itasubiri, na chakula na nyumba vitaendelea.

"Mtoto hunyonya mpaka lini, Shehe?" baba akauliza.

"Qur'ani imetaja miaka miwili kamili."

Mama alisema baba aliomba maji ya kunywa. Alikuwa amemwacha mke anayenyonyesha bila kuuliza mtu yeyote, na sasa alikuwa analipia nyumba mbili katika miji miwili.

Tangu siku hiyo hakuna mtoto aliyependwa Iringa nzima kama mimi. Kila mwezi baba alikuja na unga, mchele na mafuta ya taa ya mama, kama alivyoamriwa, na kwangu mimi akaleta maziwa ya kopo, biskuti, ndizi na asali. Alinilisha mwenyewe, kijiko kwa kijiko, huku akiniambia nimekuwa mkubwa sasa. Nilikula vyote. Kisha nilirudi kwa mama nikanyonya.

Mama naye alikuwa na lake. Wazazi wake walikwisha kufa, kaka yake wa Tanga hakujibu barua, na kodi ya chumba mjini hakuiweza. Jirani yetu Evarista, mjane wa Kihehe aliyekuwa haikosi Misa hata kwa mvua, alikuwa na chumba uani mwake, kuta nne bila paa.

"Leta bati nane, mama," alimwambia. "Bati yako, ukuta yangu. Utakaa bure miaka tano."

Basi mama akapika vitumbua, akawauzia madereva wa malori, akanunua bati moja moja. Alipanga kunishikilia ziwani mpaka la nane.

Alikuwa na mabati matano mwezi wa Desemba, baba alipokuja, akatua gunia, akasema kama mtu anayezungumzia hali ya hewa: "Chakula cha mtalaka na chakula cha mke bei ni moja. Mvua zikipungua nitaleta mashahidi, nikurejee, uje Mbeya umsaidie Waridi kazi."

Na angeweza. Talaka moja, mke yumo ndani ya eda, mume akisema nimekurejea, imekwisha, mke haulizwi. Kila kibaba alichokula mama kilikuwa kinaongeza muda wa baba kumvuta. Mama aliniambia aliogopa siku ile kuliko siku aliyopewa barua.

Kesho yake akanunua shubiri chungu, akajipaka kwenye chuchu ili niache, siku zake zirudi, na eda iishe kabla ya mvua. Nililia siku tatu. Yeye alilia zaidi yangu, maana maziwa yalijaa na mwenyewe alitaka kunipa. Siku ya nne nikakubali uji.

Miezi ya mvua baba alituma chakula kwa madereva; mwenyewe alikuja Aprili, Ijumaa, na mashahidi wawili wenye kanzu safi. Shehe na mkewe, Mwanakhamisi, walikwisha fika, kwa kuwa mama aliwaita.

"Umechelewa," Shehe akamwambia. "Eda imekwisha Jumatano. Ya tatu ameiona. Matumizi ya mtoto yanabaki kwako, lakini huyu si mkeo tena."

"Uongo! Mtoto huyu hajaacha ziwa!"

Shehe akasema neno la mwanamke katika jambo hilo linatosha. Baba akashikilia mtoto apimwe. Ili mambo yaishe, Mwanakhamisi akatuingiza chumbani, mama na mimi, wanaume wakabaki barazani wakisikiliza.

"Mpe," Mwanakhamisi akasema.

Mama alifungua kanga. Hakukuwa na shubiri tena. Alikwisha osha tangu zamani. Akaniweka kifuani. Kama ningenyonya, angeitwa mwongo, na jioni ile angepandishwa lori la Mbeya. Aliniambia alilijua hilo vizuri sana, na bado kwa nukta moja aliomba ninyonye.

Nikalitazama ziwa, nikageuza uso, nikaomba biskuti.

Mama akaangua kilio ambacho Mwanakhamisi alishindwa kukituliza. Jioni tulihamia kwa Evarista, chini ya mabati saba, mvua ikiingia upande wa nane. Baba alirudi Mbeya akiwa ameridhika kidogo, kwa maana alikisikia kile kilio kupitia ukutani, na mpaka anakufa aliamini kwamba Siwema alimlilia yeye.